Besi Yako, Raha ya Jirani

Fedheha mbichi kuliko zote sebuleni ni ya spika mpya. Boksi limefunguliwa mbele ya watoto, wimbo umewekwa, halafu mgeni anauliza kwa upole kama ile redio ya zamani imeshauzwa. Mwenye nyumba atalaumu waya, atalaumu simu, na mwisho atamlaumu Mchina. Mimi nadai spika hazina kosa. Kosa ni la shokesi. Sebule zetu huziweka spika palipobaki nafasi baada ya televisheni, maua ya plastiki na vikombe visivyonywewa chai, na sabufa husukumwa kwenye kona nyuma ya kochi isionekane. Sikio halikuulizwa.

Kona hiyo ina mambo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la besi linalotetema mara 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko sebule nyingi. Halina pa kwenda. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake njiani. Chumba kikiwa na urefu wa mita 4, vurugu hii hupamba moto kwenye mitetemo 43 hivi kwa sekunde: besi hurundikana kutani, na katikati mawimbi huuana. Sabufa iliyo konani hushadidiwa na sakafu pamoja na kuta mbili, ikazidi kulichochea rundo hilo. Tazama basi mgawo ulivyo. Aliyekaa kwenye kochi katikati, mwenye risiti, anaambulia mguno. Aliyeegemea ukuta anatikiswa meno. Na kwa kuwa besi hupenya ukuta kwa wepesi kuliko sauti nyembamba, jirani aliyelala upande wa pili anapata dundadunda lote bila kuchangia hata shilingi. Mwenye risiti huongeza sauti. Jirani naye hugonga.

Wapo watakaosema dawa ni kununua kubwa zaidi, na hapo kicheko kinanikauka. Boksi linajitangaza wati 10,000 za PMPO, kipimo kisicho na kanuni yoyote iliyokubaliwa, ilhali plagi ya kawaida ya ampea 13 ukutani haiwezi kutoa hata nusu ya hizo. Mtu amedunduliza miezi kadhaa kwa ajili ya tarakimu ambayo haikupimwa na yeyote, na muuzaji anaitamka bila kupepesa macho. Huo ni wizi. Na hata wati zingekuwa za kweli, kona ileile ingezikoroga vilevile.

Wengine watasema chumba ni kidogo. Sawa, sogea karibu. Kinachotakiwa ni umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kichwani pako, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikiwa usawa wa masikio. Alan Blumlein wa kampuni ya EMI, Uingereza, aliyeomba hataza ya stirio mwaka 1931, alitegemea masikio mawili kudanganywa kwa tofauti ndogo sana. Ukizibananisha spika zote mbili kwenye rafu moja, umenunua mono mara mbili. Jaribu na taarifa ya habari: msomaji asikike katikati, pasipo na spika. Kama hasikiki hapo, angalia waya nyekundu na nyeusi, huenda zimepishana upande mmoja. Chungu cha maua mbele ya twita, ondoa.

Kwa sabufa, tiba inagharimu heshima tu. Ipandishe kwenye kochi, hapo unapokaa, weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, kisha piga magoti utambae kando ya ukuta, kichwa chini, hadi mahali ambapo kila noti inasikika sawa na mwenzake. Hapo ndipo pake, maana njia ya sauti kati ya sehemu mbili ni ileile, kwenda au kurudi. Mgeni akibisha hodi, mwache mtu mwingine akafungue.