Wanyama Saba Wasio na Meneja

Tembo hahitaji utetezi wangu. Ana noti ya shilingi 10,000, faru ana ya 5,000, simba ana ya 2,000 na timu ya mpira juu yake. Nyati alikuwa kwenye noti ya 500, akashushwa hadi kwenye sarafu, na hajasikika akilalamika. Hawa wana mameneja: watalii, vipindi vya televisheni, fulana za uwanja wa ndege. Wapo wengine walio hatarini vilevile ambao hakuna anayewachapisha popote. Nimewapanga hapa kuanzia wa saba. Kadiri deni letu kwa mnyama lilivyo kubwa, ndivyo anavyopanda. Kamati ya uteuzi ilikuwa na mjumbe mmoja, na rushwa haikupokelewa kwa sababu haikuletwa.

7. Hirola

Swala wa Garissa, Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, mwenye alama nyeupe machoni utadhani amevaa miwani ya kusomea. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Sotoka ikawapitia katikati ya miaka ya 1980, ukame ukaongezea, na leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Katika jenasi yake amebaki peke yake. Mwaka 2012 wafugaji wa Kisomali wa Ishaqbini walishiriki kuweka uzio wa kuzuia simba na chui, hirola 48 wakaingizwa ndani, wakazaana. Ndio wafugaji walewale ambao kwenye semina za uhifadhi huitwa “changamoto”.

6. Silikanti

Wataalamu walishamzika samaki huyu pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 akawa ananaswa na majarife ya papa huko Kigombe, Tanga. Nyama yake imejaa mafuta na ukiila utakesha chooni, kwa hiyo anakufa bila hata kumfaa mtu kwa kitoweo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 unasema jike hubeba mimba kwa miaka isiyopungua 5, na hupevuka akikaribia miaka 60. Yaani umri ambao wewe unafuatilia mafao, yeye ndiyo kwanza anafikiria uzazi. Tanga ilimpa hifadhi yake ya bahari mwaka 2009. Jarife, kwa bahati mbaya, halisomi vibao.

5. Popo wa Pemba

Ana mabawa makubwa, uso wa mbweha, na zamani alikuwa na sifa moja tu kisiwani: mchuzi. Waliliwa na misitu ikakatwa, hadi mwaka 1996 akaorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Waliomwokoa ni wanakijiji, kwa vilabu vyao vya kumlinda na miti ya kulala kama ile ya Kidike, ambako sasa mgeni hulipa ili amwangalie akining'inia. Idadi imepanda hadi zaidi ya 20,000. Halafu kuna wanaosema popo anakula maembe bure! Anayalipia kwa kusambaza mbegu usiku kucha, na hadai posho ya safari.

4. Kakakuona

Hana meno, haumi, hakimbii. Akitishwa hujikunja kama mpira, mbinu inayomshinda simba na kumrahisishia kazi mtu mwenye gunia. Katika sehemu kadhaa za Tanzania akionekana ni habari ya kijiji kizima: huwekewa vitu mbele yake, maji, nafaka, silaha, na kile anachokiendea ndicho utabiri wa mwaka. Heshima kubwa. Lakini hata mtabiri hakuona kontena likija. Aprili 2019 Singapore ilikamata zaidi ya tani 25 za magamba ya kakakuona, mizigo miwili tu, yote kutoka Nigeria, ilhali biashara ya kimataifa ya mnyama huyu ilikuwa imeshapigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016. Na magamba yenyewe ni nini? Keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha. Anayeamini kuwa ni dawa atafune za kwake, anazo ishirini.

3. Kima punju

Mwenyeji wa Unguja, mgongo mwekundu, nywele zilizosimama kama aliyeamka sasa hivi. Hula majani ambayo tumbo lingeyakataa, kisha anakula mkaa kutuliza sumu ya majani hayo. Kwa miaka mingi wakulima walimwona mkosi. Kwenye msitu wa Jozani, magari yalimgonga mpaka barabara ikawekewa matuta. Ndiyo, yale matuta unayoyalaani ukiwahi ufukweni.

2. Chura wa Kihansi

Hazidi sentimita 3, na huzaa watoto kamili, hana habari na viluwiluwi. Mwaka 1996 alikutwa kando ya maporomoko ya mto Kihansi, Udzungwa, kwenye takriban hekta 2 zilizokuwa zikirushiwa manyunyu. Dunia nzima, hapo tu. Na mradi wa bwawa la umeme ulikuwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Vyura 499 wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mwaka 2000; simfahamu Mtanzania mwingine aliyekaribishwa Bronx bila kuulizwa taarifa ya benki. Nyumbani waliwekewa mabomba ya kunyunyizia, wakaanza kuongezeka, kisha mwaka 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kwao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wajukuu wa wale wasafiri walianza kurudishwa.

Kila nikimtaja hutokea wa kuuliza: tukae gizani kwa ajili ya chura? Nani kasema? Umeme unawaka na manyunyu yanarushwa kwa bomba, vyote viwili. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia bondeni vizuri kabla ya kuchora bwawa, na hiyo ingekuwa kazi rahisi kuliko kupandisha vyura ndege.

1. Tumbusi

Kipara, shingo ndefu, adabu ya mezani hana. Ukimfananisha mtu naye, umemtukana. Lakini tindikali ya tumbo lake inamaliza hata vimelea vya kimeta, na mzoga ambao ungenuka wiki nzima yeye na wenzake wanaubakiza mifupa kabla ya chai ya saa kumi. Majangili wanamchukia kwa sababu akizunguka angani askari wa wanyamapori wanajua pa kwenda. Ndiyo maana wanatia sumu mizoga: Botswana, mwaka 2019, mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu iliua zaidi ya tumbusi 500.

India walionja maisha bila yeye. Diklofenaki, dawa hiyohiyo ya magoti ya wazee wetu, ilitumika kutibu ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe huyo alikufa kwa figo. Karibu wote wakaisha, mizoga ikalundikana, mbwa wakaongezeka, na kichaa chao pia. Wachumi waliochapisha hesabu yao mwaka 2024 walikadiria vifo vya ziada vya watu kama 500,000 kati ya 2000 na 2005. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na mbadala upo, meloksikamu.

Ombi la tumbusi kwetu ni dogo: mezani kwake pasitiwe sumu. Picha asiombwe akiwa katikati ya mlo, maana hapo hata mimi wakili wake huangalia pembeni.