Mbwa Mkali, kwa Kuku

Huku Goba kila geti limeandikwa MBWA MKALI, nami ningependa kujua ni nani anayewakagua hao mbwa. Wetu anaitwa Komando. Ukali anao, ila ana mapendeleo. Kuku wa jirani akikatiza, hakukaliki. Bodaboda ikipita, ataikimbiza mpaka lami. Lakini siku alipoingia mtu tusiyemjua kabisa, eti fundi bomba, Komando alimpokea kwa mkia na kumsindikiza hadi jikoni.

Mbwa huyu tuliletewa na shemeji, kwa maelezo kwamba baba yake ni German Shepherd wa polisi. (Kila mbwa wa mjini hapa baba yake ni wa polisi. Sijui hao wa polisi wanapata wapi muda wa kazi.) Shemeji akasema dawa ni kumtilia pilipili kwenye chakula na kumfungia bandani asizoee watu. Mama watoto akasema apunguziwe chakula, maana anakula bure. Nikamwita mwalimu wa mbwa. Hakuja na fimbo, alikuja na mpira wa tenisi na vipande vya maini, nikajua hela yangu imekwenda.

"Mzee wangu," akaniambia, "mbwa hafanyi kazi kwa shukrani. Ana misukumo yake. Ujue upi una nguvu, umlipe kwa huo."

Upo msukumo wa kuwinda, unaoamshwa na chochote kinachokimbia. Upo wa chakula, upo wa kucheza, upo wa kukaa karibu na wenzake, na wenzake ni pamoja na sisi. Halafu upo wa kujihami, unaoamka akiona tishio. Huo una milango miwili, kupambana au kutimua mbio, na mbwa mwoga akipata nafasi huchagua mbio. Komando amejaliwa kuwinda na kupenda watu. Mwizi anayeingia taratibu na kumwita kwa upole, kwake ni mgeni.

"Angekimbia angemkamata," mwalimu akanifariji.

Sasa nimwombe mwizi akimbie?

Nikauliza huo wa kujihami uko wapi. Nikaambiwa bado kijana, huo huchelewa kukomaa, na hauletwi kwa pilipili. Hata mbwa wa ulinzi tunaowaogopa huanzia kwenye mchezo: kipande cha gunia kinaburutwa, mbwa anakifukuza, anaking'ata, akishinda anaachiwa aondoke nacho. Lile kava nene analovaa mwalimu mkononi nalo ni windo tu. Mbwa akilichomoa anaweza kutokomea nalo kwa furaha, "mwizi" akabaki amesimama. Tishio huongezwa baadaye, kidogo kidogo, mbwa akishajiamini. Ukimtisha mapema aliye mwoga, unatengeneza mbwa wa kung'ata watoto wa nyumbani. Hapo nikamtazama shemeji. Shemeji akaangalia simu.

Na wale mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini Mombasa? Hawana uchungu wowote na tembo. Wanaitafuta harufu kwa sababu wakiipata wanapewa mpira wao. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wa shirika la APOPO wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini kwa malipo ya ndizi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa huko huko, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kwa ndizi! Mimi nina vijana wa sekondari ambao hata kwa hela hawafui soksi.

Kinachoniudhi ni sisi wenye mageti. Mbwa tunampa ukoko na teke, mchana kutwa yuko bandani, kisha usiku wa manane tunadai uzalendo. Atautoa wapi?

Basi siku hizi jioni, na umri wangu huu, narusha mpira uani huku majirani wakichungulia. Na kazi inaonekana, siwezi kukataa. Komando akiambiwa kaa, anakaa, kwa sababu mpira unafuata. Akiitwa katikati ya mbio anamwacha kuku na kurudi, kwa sababu ini linafuata. Kuku wa jirani sasa wanapita salama.

Mwizi naye pia. Kwa hiyo msomaji, kama unamfahamu fundi wa makomeo imara huku Goba, nipe namba yake.