Kulwa Amekufa, Doto Hataki Kuamini

Seva zetu mbili nilizipa majina mimi mwenyewe, kwa hiyo lawama za usiku ule sina wa kumtupia. Ofisi nyingine huziita kwa namba. Mimi niliona hizi zimenunuliwa siku moja, zimefungwa kwenye raki moja, zinafanana mpaka mikwaruzo. Basi ya juu nikaiita Kulwa, ya chini Doto, kama Wasukuma wanavyowaita mapacha wao. Nikachapa majina, nikabandika kwa selotepu.

Nilipokuwa nawaombea wakubwa hela ya kuzinunua, niliwaeleza kwa maneno mepesi. Data hazikai ndani ya seva hizi. Zinakaa kwenye makabati mawili ya diski yaliyo chini yake, na mapacha wote wawili wana nyaya za kuyafikia. Kulwa anafanya kazi, Doto anamwangalia. Siku Kulwa akifa, Doto anashika palepale, hata chai haipoi. Hiyo ndiyo klasta. "Hata chai haipoi" ni maneno yangu, na yamo kwenye muhtasari wa kikao.

Jumapili moja, kumi la mwisho la Ramadhani, nimeshafuturu kwa tende, bakuli la uji wa pilipili manga liko mkononi, mihogo ya nazi inanitazama, simu ikaita. Mama wa mahesabu. Huyu mama hapigi simu saa ya futari kwa mzaha.

"Mwanangu, samahani kwa futari. Mfumo umegoma, na faili la mishahara ya Idi linatakiwa benki kesho asubuhi."

"Umeme ulikatika, mama?"

"Ulikatika, jenereta likawaka, taa zote zipo. Kilichobaki ni huo mfumo wako wa chai."

Mihogo nikaiaga. Nikachukua bodaboda, nikamwamkia mzee wa lindo pale getini, akaitikia marahaba huku ananiangalia usoni kama anayetaka kuuliza jambo, nikampita.

Kiyoyozi cha chumba cha seva kilikuwa hakijarudi. Joto la mle ndani lingeumua maandazi. Na kweli kuna vitu vilikuwa vimeumuka: betri za kile kifaa cha kuhifadhi umeme wa Kulwa, ambazo nilishaziandikia dokezo mara tatu. Kulwa mwenyewe giza tupu. Doto je? Doto taa za kijani, feni zinazunguka, afya tele, na hafanyi kitu chochote.

Hapa inabidi nimtetee kidogo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na waliotengeneza klasta wanalijua hilo kuliko wafugaji. Seva mbili zikiandika kwa pamoja kwenye mfumo uleule wa mafaili, kila moja ikidhani iko peke yake, data zinageuka kuwa uji. Kwa hiyo kabla Doto hajagusa mali, lazima awe na hakika kwamba Kulwa amezimika, si kwamba amenyamaza tu. Na hakika hiyo haipatikani kwa kumuuliza. Inapatikana kwa kumzima yeye mwenyewe. Utaratibu huo unaitwa STONITH, na ukizifumbua herufi hizo unakuta ni agizo la kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Sitanii, ndivyo lilivyo kwenye vitabu vya kazi.

Risasi yenyewe hupitia kwenye kikadi kidogo kilichomo ndani ya Kulwa, chenye anwani yake ya mtandao, ambacho hupokea amri hata seva ikiwa imelala. Sasa kikadi hicho kinakula umeme uleule wa Kulwa. Kulwa kafa, kikadi kimekufa naye. Doto anapiga risasi, hajibiwi. Anapiga tena. Kwake yeye kutojibiwa si kifo. Alikuwa amekaa pale, mali zote ziko mbele yake, anasubiri cheti cha kifo ambacho mwenye kukitoa ni marehemu.

Nikampigia jamaa yangu wa Mwanza, ambaye kazi hizi kazianza kabla yangu. Simu nikaiweka spika juu ya raki, na kwa kelele za feni ikabidi nipaze sauti.

"Kulwa amekufa!"

"Kabisa?"

"Kabisa! Doto ndiye hataki kuamini!"

"Basi mthibitishie wewe. Lakini uhakikishe hafufuki."

Ipo amri ya kuthibitisha kifo kwa mkono. Ni kiapo: wewe binadamu unasema umeona kwa macho yako kwamba mwenzake hayupo, na ukisema uongo, data zikiharibika ni juu yako. Ili nisiape uongo nilipiga magoti nyuma ya raki, tochi ya simu nyingine mdomoni, nikachomoa nyaya za Kulwa, nikazitundika shingoni kama tasbihi. Nikarudi kwenye kibodi, nikaapa.

Feni za Doto zikapanda sauti. Nikaanza kutabasamu. Kisha akagoma tena.

Diski za makabati yale zimeunganishwa na programu ya LVM kuwa kundi moja la volyumu, na kundi hilo huandikwa jina la seva inayolimiliki, ili nyingine isije ikajichukulia. Hati hiyo hata kwa macho unaisoma, maana metadata ya LVM ni maandishi ya kawaida yaliyowekwa mwanzoni mwa kila diski: majina, idadi ya vipande vya megabaiti 4, na mwenye mali. Mwenye mali alikuwa bado Kulwa. Klasta ilijaribu kubadilisha jina ikashindwa. Nikajaribu kwa mkono, nikajibiwa kwamba hati haibadilishwi wakati diski moja haionekani.

Haionekani vipi? Nusu saa kabla niliyaona makabati yote mawili. Sasa moja limeandikwa halijulikani, na mashine, kwa upole kabisa, ikanielekeza kwenye amri ya vgreduce --removemissing. Amri hii ni ya kikao cha ukoo: asiyeonekana anafutwa kwenye orodha. Ukiiongezea --force, zinafutwa na volyumu zote zilizokuwa na kipande chochote kwake. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi, jasho linadondokea herufi.

"Usiiguse hiyo," jamaa akasema. "Umechomoa nyaya ngapi?"

"Mbili. Kulwa ana mbili za umeme."

"Hesabu."

Nikahesabu zilizokuwa shingoni. Mbili nene nyeusi. Na wa tatu, mwembamba, wenye kichwa cha chuma.

Sikumwambia kitu. Nilirudi nyuma ya raki kimyakimya, nikauchomeka. Kabati likaonekana, hati ikahama, volyumu zikaamka moja baada ya nyingine, na mfumo wa mafaili ukasoma jarida lake na kumalizia yale Kulwa aliyoyaacha njiani. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini usiku. Mama wa mahesabu akatuma ujumbe: "Imefunguka. Chai imepoa."

Nageuka nitoke, namkuta mzee wa lindo mlangoni, kofia mkononi.

"Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa, mzee. Kazi hizi."

"Sikuwa nasikiliza, ila ulikuwa unapiga kelele. Kulwa, Mungu amrehemu. Lakini hata matanga hayajaanuliwa, wewe usiku huu unabadilisha hati? Unamlazimisha Doto akubali?" Akanishikisha noti ya elfu tano, imekunjwa mara nne. "Hii ya sanda. Mengine mtamaliza ninyi wenyewe kwenye ukoo."

Nilimwingiza ndani, nikamulika zile karatasi za selotepu. Akainama, akasoma jina la juu, akasoma la chini, akagusa bati la Kulwa kwa ncha ya kidole.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mzee."

"Na kesho mnamfufua?"

"Betri zikija."

Akaitoa noti yake mkononi mwangu, taratibu, akairudisha mfukoni.

"Sasa akiamka akakuta mali zake zina jina la mwenzake?"

Nilichukua tena simu, nikampigia yule jamaa wa Mwanza.