Kamera Yetu Ielekezwe Kituoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani,
Jumba la Harambee, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Sisi huku Garsen tumeingiwa na wivu. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9, mitambo ikaletwa na Huawei, na kamera 1,800 za CCTV zikatengewa Nairobi na Mombasa. Aliyeuza mitambo akatangaza kwamba mwaka 2015 uhalifu ulishuka kwa asilimia 46. Polisi nao wakatoa hesabu zao: Nairobi ulishuka kidogo tu, Mombasa ukapanda. Sina ubishi. Labda wezi wa Mombasa walikuwepo siku zote, ni vile tu hawakuwa wamehesabiwa vizuri.

Basi nasi tunaomba, tusije tukaambiwa watu wa Tana River hatutaki maendeleo. Ila kabla fundi hajapanda mlingoti (na uwe mrefu, maana mafuriko ya 2023 yaliikata barabara ya Lamu), niruhusu nikueleze hali ya huku, asije akaifunga kamera ikatazama upande usiofaa.

Kuona hakujawahi kutushinda. Kijana wa bodaboda pale Minjila anajua ni gari gani lililopita usiku na lilikuwa limebeba nini. Mfugaji akishusha mifugo kwenye malka, njia yao ya kwenda kunywa mtoni, mkulima wa ng'ambo anajua ni ng'ombe wa nani kwa chapa na mkato wa sikio, hata kabla hawajagusa migomba yake. Programu yenu ya kutambua nyuso itapata taabu hapo; ng'ombe mia tatu wakiinamia maji, uso utauona wapi? Na baada ya shambulio la Westgate mkatuletea Nyumba Kumi, jirani amchunguze jirani, bila zabuni wala malipo.

Mwaka 2012 tuliona kila kitu. Agosti 22, kijijini Riketa, watu takriban 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Sitaandika nani alimwua nani, maana Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji bado tunakunywa mto mmoja. Lakini tangu siku hiyo hata mtoto alijua kisasi kinakuja, na kikaja Chamwanamuma. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani: watu 38, tisa kati yao polisi. Rais akatangaza kafyu, vikosi vikamiminika, kambi zikapigwa. Desemba 21, alfajiri, Kipao ikavamiwa, watu karibu 40 wakafa. Tungekuwa na kamera juu ya kila mwembe, ingetuonyesha nini ambacho hatukuwa tumekiona? Kamera ingepata picha safi. Wa kuja mapema angetoka wapi?

Tena kaunti hii si mgeni wa kutazamwa. Kambi ya wafungwa ya Hola ilikuwa na walinzi kila pembe. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa marungu hadi kufa, askari na maofisa wakiwapo, kisha serikali ya mkoloni ikatoa taarifa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Walioona walikuwa wengi. Walioandika taarifa walikuwa wengine. Hata huko Nairobi kwenye kamera zote hizo, vijana walibebwa mchana kweupe mwaka 2024 na watu waliofunika nyuso, na hatujasikia mitambo ikimtambua hata mmoja wao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kamera ya kwanza ielekezwe kwenye meza ya kituo cha polisi, pale kwenye kitabu cha matukio, OB. Imwone mama aliyeibiwa mbuzi akiambiwa gari halina mafuta, imwone akifungua fundo la leso kutafuta hela ya dizeli, imsikie akiulizwa kama na wezi amewaona kwa macho yake. Ya pili ifungwe kwenye kizuizi chochote cha barabarani, utakachochagua mwenyewe. Isogezwe karibu sana. Kondakta hushuka na noti iliyokunjwa mara nne kati ya vidole viwili, husalimiana na afande kwa mkono, hurudi akijifuta kiganja kwenye suruali. Sisi abiria 14 wakati huo wote tunachunguza vichaka vya mathenge kwa makini, kama maprofesa wa misitu.

Picha hizo zije moja kwa moja hadi skrini ya ofisini kwako, na wewe ndiwe uzitazame.

Ikiwa bajeti haitoshi, tuko tayari kupunguza ombi: Land Cruiser ya kituo ijazwe dizeli, na simu ya kituoni ipokelewe saa nane za usiku. Kamera inaweza kungoja mwaka mwingine wa fedha.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Garsen.

Jina sijaliweka. Nyumba Kumi wanalijua.