Mazabodi Haiolewi Peke Yake

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, nyumba nzima hugeuka mafundi. Jirani alinishauri niizabe kofi ubavuni. Shemeji akasema ni vumbi, akaipuliza, akapiga chafya mpaka tukasahau mgonjwa ni nani.

Fundi wa Kariakoo ndiye aliyefungua kasha na kunionyesha, kwa ncha ya bisibisi, kapasita zilizovimba vichwa. Akaeleza kwamba kapasita nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitiwa maji mabovu kiwandani. Huvimba, huvuja, na mazabodi hufa nazo.

"Tunatia mazabodi nyingine, bosi. Vingine vyote vizima."

Nilifurahi bure. Mazabodi mpya ni bibi harusi: inakuja na ukoo wake, na ukoo huo haupikiki chungu kimoja na wenyeji.

Prosesa ndiyo iliyoanza. Yangu ilikaa kwenye soketi ya pini 775. Mazabodi iliyopatikana dukani ilitaka ya 1155. Tukanunua prosesa.

"Hapo sasa tumemaliza, bosi."

Ikaja zamu ya ramu. Zangu zilikuwa DDR2, mazabodi inataka DDR3. Zote zina pini 240 na urefu ule ule. Ukizilaza mezani utaapa ni pacha. Kinachozitenganisha ni kipengo kimoja kilichosogezwa kidogo, makusudi, ili watu wenye haraka wasizishindilie pasipo pake. Tukanunua ramu.

"Hapo sasa tumemaliza."

Sidi draivu, yenye ule mkanda mpana wa kijivu, haikuona pa kuchomekwa. Tukanunua. Pawa saplai haikupimwa hata kidogo: ilitikiswa, ikanuswa, ikahukumiwa. Tukanunua.

Hatimaye mashine ikawaka, ikasoma hadi diski yangu ya zamani, kisha ikaniuliza leseni ya mfumo endeshi iko wapi. Kumbe leseni inayokuja na kompyuta tangu kiwandani hufungamanishwa na mazabodi. Ya kwangu ilikuwa imekufa na marehemu, nami nikaonekana mvamizi mbele ya picha za harusi yangu mwenyewe.

Nilirudi nyumbani na kompyuta mkono mmoja, mfuko wa rambo mkono wa pili.

"Mfukoni mna nini?" mke wangu akauliza.

"Kompyuta ya zamani."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ndiyo ile ile ya zamani. Nimeitengeneza."

Akautazama mfuko, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Haya, iwashe."

Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena, kwa bismillahi. Kimya. Nikampigia fundi.

"Aa, hicho kitufe kibovu siku nyingi," akanijibu. "Waya wake nimeuhamishia kwenye kile kidogo cha chini, cha kuanzisha upya. Bonyeza hicho. Ila hilo kasha nalo limechoka, bosi. Tukibadilisha kasha tu, hapo sasa tumemaliza."