Hongera, Bwana Kasi

Tumpongeze mwenzetu aliyeuacha mpangilio wa kibodi wa QWERTY, ule wa karne ya 19, uliofaa kuandikia katiba na riwaya tu. Alihamia Dvorak ya mwaka 1936, akaiona imezeeka. Akajaribu Colemak ya 2006, nayo ikamchosha. Sasa kibodi yake ina vitufe 36 na matabaka sita. Alama ya mkwaju, kwa usalama wake, imefichwa kama dhahabu ya bibi arusi. Kidole hakisogei hata nusu inchi! Karani wa mahakama, maskini, bado anadonoa kwa vidole viwili. Keshapeleka barua zake zote, keshakwenda zake nyumbani. Ya mwenzetu nayo itaandikwa, akishaamua Q, ambayo Kiswahili hakiitumii, ikae tabaka gani.