Namna ya Kuzuru Sinema Isiyo na Paa

Usianzie Vuga, mtaa wa Unguja ilipo sinema yenyewe, Majestic. Mgeni mwenye akili huumaliza kwanza Mji Mkongwe anaotakiwa kuuona: hupiga picha milango yenye misumari ya shaba, hununua iliki na mdalasini ambavyo kwao hatavipika, kisha huoneshwa nyumba ya Freddie Mercury. Papasi wa kwanza, yaani kijana anayejipa kazi ya kuongoza watalii, atakuonesha moja, wa pili atakuonesha nyingine. Usibishane nao, amini zote mbili. Jua likishakukaanga vya kutosha ndipo uulize, "Majestic iko wapi?" Papasi atakutazama kwa huruma na kukwambia kule hapana kitu, afadhali akupeleke Kizimkazi ukaone pomboo. Mshukuru, nenda zako.

Njiani jikumbushe historia kidogo, angalau upate cha kujidai mbele ya wenzako. Hapo ilipo Majestic palikuwa na Royal, jumba la sinema na tamthilia la mwaka 1921. Ramani yake aliichora John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyeyapenda matao na kuba kiasi kwamba mtu angeweza kuvua viatu mlangoni pa mahakama yake pale Vuga akidhani amefika msikitini. Royal iliungua mwaka 1953. Mwaka 1955 ikafunguliwa Majestic, safari hii kwa ramani ya Dayaji Pitamber Mistry, kwa mtindo wa Art Deco. Mapinduzi yakaikuta bado changa, na sinema zikawa mali ya serikali. Hapo umemaliza darasa. Ukiongeza neno wenzako watakukimbia.

Ukifika, usitafute dirisha la tiketi. Enzi zake, Jumapili ya filamu mpya ya Kihindi, tiketi ziliishia mikononi mwa walanguzi, na mwanamume aliyemwahidi mkewe balkoni alilipa bei yoyote aliyotajiwa maana kurudi naye nyumbani bila kuona filamu kungemgharimu zaidi. Leo mlanguzi hana biashara hapa. Ukimkuta mtu mlangoni, msalimu, uliza hali yake, hali ya nyumbani, hali ya watoto, halafu ndipo uulize kama waweza kuchungulia. Watalii huanza na swali, ndiyo maana huambiwa pamefungwa.

Ukiruhusiwa, usishtuke ukiona mawingu. Paa la ukumbi lilishaporomoka zamani. Kwenye hoteli za ufukweni hali hiyo huitwa ukumbi wa wazi, na hulipiwa kwa dola. Msimu wa masika njoo na mwavuli. Wala usiulize kwa nini mji wenye tamasha la filamu la kimataifa huonesha filamu zake Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Oman ili kuzuia maadui, huku jumba lililojengwa kwa ajili ya filamu likinyeshewa. Wapo watu wa shirika la Hifadhi Zanzibar wanaohangaika kulifufua, na ukiwa na fedha ya ziada baada ya pomboo, watakuelewa upesi sana.

Sasa simama katikati ya ukumbi umsubiri kijana wa baiskeli. Hatakuja, lakini bila yeye hutaelewa kitu. Nakala ya filamu ilikuwa moja na sinema za kuionesha zilikuwa zaidi ya moja, kwa hiyo muda wa kuanza ulipishanishwa: mkanda wa kwanza ukiisha huku, kijana anaubeba na kupiga pedali vichochoroni, anakwepa mikokoteni na wauza kahawa, anaufikisha sinema ya pili, anachukua uliokwisha, anarudi. Ikiingia pancha, watu mia kadhaa wanakaa gizani wanapiga miluzi, na bwana harusi wa Bombay hajui kama ataoa. Hakuna aliyemwekea kijana huyo kibao cha kumbukumbu. Kwa maoni yangu alistahili kabla ya Freddie.

Aliyeua sinema usimtafute sana. Televisheni ya rangi ilifika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990, na hilo Mzanzibari atakukumbusha bila kuulizwa. Kisha zikaja kanda za video, watu wakakaa majumbani kwao.

Hatua ya mwisho ndiyo ziara yenyewe, na haimo kwenye ramani yoyote ya watalii. Mtafute bibi wa umri wa kuwa aliwahi kuingia maonesho ya zanana, yale ya wanawake peke yao, ambapo buibui lilikuwa juu na chini yake nguo ya sikukuu. Piga hodi, toa shikamoo, na usikae mpaka ukaribishwe. Atakuuliza wewe mtoto wa nani. Jibu kikamilifu, mpaka kwa babu. Akileta chai, kunywa. Kisha taja Raj Kapoor, nyota wa filamu za Kihindi, ukae kimya.

Ataanza mwanzo kabisa, tangu majina ya wachezaji yanapopita. Usimkatishe, na usiangalie saa. Filamu ilikuwa ya saa tatu, lakini yeye haruki wimbo hata mmoja, na kila wimbo una jirani aliyelia alipousikia. Magharibi ikiadhiniwa mtakuwa ndiyo kwanza mmefika mapumzikoni.